Bahasha Sitini

12 Januari, Jumatatu

Mvua tangu asubuhi. Mujtaba amenigomea.

Mujtaba Jaffer ndiye mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini, na ndiye anayenichapia kazi zangu mwaka wa nne sasa. Leo nimemfikishia karatasi za msiba wa Jumatano, akazisukuma zikarudi upande wangu wa kaunta.

"Dada Shija, sichapi tena mpaka ukasajili biashara."

"TIN ya kodi ninayo."

"Unayo ya mshahara. Hii ni biashara. Unaniletea maiti wanne kwa mwezi, naandika risiti kwa jina lako. Siku wakiniuliza huyu Shija Masumbuko ni nani, nitawajibu nini? Mfiwa wa kudumu?"

Nilikasirika, halafu nikacheka, maana ana haki. Mimi ni katibu muhtasi kwenye chuo cha kilimo hapa Iringa. Kodi ya mshahara wangu inakatwa kabla sijauona, kwa hiyo siku zote nimejihesabu mwananchi safi. Lakini kazi yangu ya pili ni marehemu. Naandika wasifu, ile karatasi inayosomwa watu wakiwa wamesimama na jeneza liko mbele yao: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa nani, aliugua nini, ameacha nani. Nilianza kwa kumsaidia jirani wa hapa Kihesa, baadaye wakaanza kuja watu nisiowajua. Natoza laki moja, pamoja na picha, ratiba ya siku na nakala mia. Mwaka jana nimeandika arobaini na wanne. Sikuwahi kuwaza kwamba hayo ni mapato. Niliona ni watu tu.

Amenichapia kwa mara ya mwisho, nimeahidi nitaenda.

19 Januari

Mvua. Nguo hazikauki.

27 Januari, Jumanne

Nimeenda ofisi ya kodi. Nimehudumiwa na kijana mpole anaitwa Timotheo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Za mwaka jana tumezimaliza upesi. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Sasa makadirio ya mwaka huu, dada. Unatarajia kuingiza kiasi gani?"

"Nitajuaje?"

"Kadiria tu. Kazi moja umesema laki. Mwaka huu unatarajia kazi ngapi?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Kwenye fomu nilikuwa nimejaza "huduma za uandishi", na yeye alikuwa anasubiri namba ya huduma za uandishi.

Mujtaba alikuwa ameniusia: weka juu, usiweke chini, makadirio ya chini yanaleta riba. Na kusema kweli kulikuwa na kijiburi pia, wale watu wa kwenye foleni nyuma yangu wasinione nina kabiashara ka kuungaunga. Nikasema sitini. Nimelisema kwa sauti, kama mtu anayeagiza vifaranga.

Timotheo akagawa kwa nne. "Kumi na tano kila robo mwaka. Machi, Juni, Septemba, Desemba."

Nje mvua ilikuwa imesimama. Nimetembea hadi nyumbani, na kila niliyesalimiana naye nilimtazama mara mbili.

1 Februari

Mujtaba amenifundisha kutunza kumbukumbu: kila kazi na bahasha yake, risiti ya kuchapa ndani, ujumbe wa malipo ndani, namba juu. Nimenunua bahasha za kaki. Kwa vile napenda mambo yakae sawa tangu mwanzo, nimeziandika zote leo, moja hadi sitini, nikazipanga kwenye rafu ya sebuleni. Mbili zimeshapata wenyewe. Hamsini na nane ni tupu.

14 Februari, Jumamosi

Kulwa amekuja na gunia la mchele. Kaka yangu anakaa Rujewa, ana majaruba yake na hisa kwenye mashine ya kukoboa. Sisi ni Wasukuma wa Usangu; baba alishuka kule na ng'ombe kabla sijazaliwa. Kwanza walizaliwa mapacha, Kulwa na Doto, halafu mimi nikawafuata, ndiyo maana nikaitwa Shija. Doto alifariki kabla hajajua kutembea. Kulwa amekuwa kaka kwa nafasi mbili tangu hapo. Ada yangu ya sekondari ni mitamba yake mitatu, na hajawahi kunikumbusha.

Alikuwa anakunywa chai, akaiona rafu.

"Hizi bahasha ni za nini?"

Nikamweleza. Kodi, makadirio, robo mwaka. Akaweka kikombe chini.

"Shija, kwetu mtu akiugua hata mbao hatununui mpaka akate roho."

"Ni bahasha tu, kaka."

"Umeshawapangia namba."

Alihamisha kiti chake ili asiipe rafu mgongo, na alipoondoka aliniagiza nizitoe ukutani, nizitie kabatini. Nimemwitikia. Sijazitoa. Naona kama ni ushamba kidogo, na ninaumia kumwonea hivyo.

22 Februari

Ya saba.

25 Februari

Mshahara umeingia, kodi imekatwa. Huko hakuna anayeniuliza nakadiria nini.

9 Machi

Ya kumi na moja. Mvua imeharibu barabara ya juu, jeneza limebebwa kwa zamu mlima mzima. Mjane ameniambia nimemwandika mumewe vizuri kuliko alivyokuwa.

26 Machi

Ya kumi na nne. Nimetazama kalenda bila kukusudia.

31 Machi, Jumanne

Asubuhi nimelipa kodi ya robo ya kwanza, ile ya watu kumi na tano, huku bahasha zilizojaa ni kumi na nne. Nikajisemea, tazama sasa, Mujtaba na maneno yake ya kuweka juu, nimelipia mtu ambaye hayupo.

Saa tisa na nusu, niko ofisini nachapa muhtasari wa kikao, simu ikaita. Mwanamke, sauti imekauka. Baba yake amefariki saa nne asubuhi. Malipo akayatuma hapohapo kabla hatujamaliza kuongea.

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Mkuu wa idara akageuka, nikajifanya nakohoa.

11 Aprili

Pasaka imepita, hakuna kazi hata moja. Ukungu mpaka saa tano. Nimelala vizuri siku kumi mfululizo. Nimeanza kuamini ile Machi ilikuwa bahati tu.

26 Aprili, Jumapili

Saba kwa wiki moja. Mwalimu mstaafu, fundi cherehani, bibi wa miaka tisini na saba, mwenye duka la dawa, mama na mkwewe waliopishana siku mbili, na mtu mmoja ambaye familia haikukubaliana mwaka wake wa kuzaliwa. Tumefika ishirini na mbili.

Nimeandika "tumefika". Sijui mimi na nani.

Sentensi zimeanza kunitoka zenyewe. Naweka jina tu, mengine yanajipanga: alianza kusumbuliwa, alipelekwa, hali ikabadilika, akafikwa na mauti. Watoto wa mwenye duka la dawa wameniambia marehemu mwenyewe ndiye aliyesema nitafutwe mimi. Alilisema hilo akiwa mzima, mezani, akila. Nimewauliza lini. Wakasema mwezi wa kwanza, mwishoni.

2 Mei

Ya ishirini na tatu. Muuza nyanya wa gengeni hakupokea hela mkononi mwangu. Ameniambia niiweke juu ya meza.

6 Mei, Jumatano

Nimeamua. Juzi nimemkataa mtu, leo nimemkataa mwingine. Nimewaambia nina kazi nyingi chuoni, wamtafute kijana mmoja wa stendi. Wa leo alibembeleza sana na nikaona aibu, lakini nilipokata simu nilijisikia mwepesi, kama nimetua ndoo. Nisipoandika, hakuna namba. Ni rahisi hivyo, na nimeteseka miezi mitatu bure.

9 Mei, Jumamosi

Wifi Prisca amepiga simu kutoka Rujewa. Kulwa ameanza kuvimba miguu tangu Jumatatu. Leo asubuhi ameshindwa kuvaa viatu. Wanampeleka hospitali Mbeya, wanasema huenda ni figo.

Tangu Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku niliyomkataa yule wa kwanza.

Nimekaa kwenye kiti alichokalia Kulwa, nikazitazama bahasha mpaka jioni. Wazo lilikuja polepole na nikaona kwamba nimelijua siku nyingi. Namba niliitaja mimi, kwa mdomo wangu, ikaandikwa serikalini. Itajazwa. Nikiwafungia wageni mlango, itajazwa na wa kwangu.

10 Mei

Nimempigia yule niliyemkataa Jumatano. Walikuwa wameshamzika.

11 Mei

Ya ishirini na nne. Nimepokea simu kabla haijaita mara ya pili.

23 Mei, Jumamosi

Nimeenda Mbeya kumwona. Basi limepita Usangu saa nne, kote wanavuna. Mpunga umelala kwa mafungu, watu wameinama majarubani, ng'ombe wameshaanza kuachiwa mabua. Nilitafuta majaruba ya Kulwa dirishani na sikuyatambua.

Wodini nimempita. Nimepita kitanda chake nikamsalimia mtu wa kitanda cha pili, Wifi Prisca akanivuta kanga. Uso umejaa, macho yamekuwa madogo. Ila sauti ni ileile.

"Mwangaluka, Shija."

Nikaitikia salamu yetu, nikakaa. Wifi akaenda kutafuta maji ya moto. Tuliongea bei ya mpunga, tukaongea mashine, ambayo kwa sasa inaangaliwa na mwenzake Tadeo, tukaongea mtoto wake wa mwisho anayekataa shule. Nilikuwa namwangalia mikono. Kichwani nilikuwa nimeshaanza: alianza kusumbuliwa na figo mwezi Mei. Nilijaribu kuizuia. Nilihesabu vigae vya ukutani. Sentensi ikaendelea bila mimi: alipelekwa hospitali jijini Mbeya ambako aliendelea kupatiwa matibabu.

"Umefika ngapi?" akaniuliza.

"Ngapi za nini?"

"Bahasha."

"Ishirini."

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa unadanganya hivyohivyo, unaangalia miguu."

"Ishirini na sita."

Akageukia dirishani. "Basi zimebaki nne mpaka mwisho wa Juni."

Sikujua kwamba alikuwa anahesabu na yeye. Amekuwa akihesabu tangu Februari, peke yake, kule Rujewa, bila kuniambia. Nilitaka kulia nikashindwa, nikamshika mguu juu ya shuka, na kidole kikaacha shimo lisilojaa.

"Mimi si mteja wako, Shija," akasema, na akacheka. "Laki moja sina."

Nimecheka naye. Nimemwahidi nitarudi Jumamosi inayofuata.

30 Mei

Sijaenda. Mafua.

3 Juni

Baridi imeingia. Ya ishirini na saba.

9 Juni

Ya ishirini na nane. Nimefurahi. Naiandika hapa ili siku moja nisije nikajidai sikufurahi. Simu iliita, mtu analia, na mimi moyoni nikasema asante.

13 Juni, Jumamosi

Ya ishirini na tisa, mama lishe wa stendi. Imebaki moja na siku kumi na saba. Wifi anasema Kulwa amekula ugali nusu.

Jirani yangu wa ukuta wa pili, Mzee Liberatus, ameangushwa na kifua. Ni Mhehe wa hapahapa, alikuwa dereva wa malori ya Zambia, na kwa miaka tisa tumekuwa tukisalimiana tu juu ya uzio. Binti yake Evarista amekuja kutoka Makambako kumuuguza.

15 Juni

Baada ya kazi nimepeleka uji wa ulezi kwa Mzee Liberatus. Evarista amesema, "Mungu akubariki, dada." Sikuitikia amina.

18 Juni

Uji tena. Ukuta wetu ni mwembamba, nikikaa kimya namsikia akivuta pumzi. Leo nimegundua kwamba namsikiliza kifua kuliko maneno.

20 Juni, Jumamosi

Ilikuwa niende Mbeya. Nimemwambia Wifi Prisca nimekosa gari. Mchana wote nimekaa kwa Mzee Liberatus.

Nilimuuliza alizaliwa mwaka gani. Nilimuuliza kijiji, shule, jina la mke wake wa kwanza. Nilifanya kama mazungumzo tu, nikimwongezea uji kila akijibu. Alijibu yote kwa utaratibu, halafu akanitazama kwa jicho moja, lile lingine halifunguki vizuri.

"Unaniandika, binti?"

"Hapana, mzee."

"Wewe andika tu. Ila usiandike nilikuwa mpole. Mwaka themanini na nne nilimwacha utingo wangu Tunduma kwa hasira, nikaja Iringa peke yangu. Akanifuata kwa miguu na kwa kudandia, siku nne. Alipofika alinisalimia. Kamwene, bosi. Basi. Sikumwomba radhi. Hilo liandike."

"Hayo hayaandikwagi kwenye wasifu, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia uandike."

Alichoka, akalala. Nimebaki pale. Evarista alikuwa nje anafua, na mimi nilikuwa nimekaa na mgonjwa wa watu, nikisubiri. Pumzi ikikawia, moyo wangu unaruka. Ikirudi, unatua, na sijui kama ni kwa nafuu au kwa kukata tamaa. Mji mzima umetulia wiki hii. Watu wote wa Iringa wamepona. Nimefungua simu mara nyingi kuona kama kuna aliyenipigia nikamkosa.

Namtakia kifo mtu anayenisimulia maisha yake. Sikuwahi kuwa mtu wa namna hii. Au nilikuwa, ila hapakuwa na fomu ya kuniuliza.

22 Juni

Wifi: "Anakuulizia." Nimesema Alhamisi, nitaomba ruhusa.

24 Juni

Ruhusa nimepewa, siku mbili. Mkuu wa idara amenichangia nauli.

25 Juni, Alhamisi

Kulwa amefariki leo saa saba mchana.

Nilikuwa kwa Mzee Liberatus, nimeshika kikombe. Asubuhi Evarista alisema baba amebadilika, ameanza kuongea na watu wasiokuwepo. Nikaona ni leo, nikingoja kidogo Kulwa atakuwa salama, nitapanda basi la jioni nikiwa na habari njema. Nauli niliyochangiwa bado iko kwenye pochi.

27 Juni, Jumamosi. Rujewa

Tumemzika saa tisa. Vumbi, upepo, watu wengi, mapumba ya mashine yanaruka mpaka makaburini.

Wasifu nimeuandika jana. Niliandika jina lake nikakaa saa mbili. Zile sentensi ambazo wiki tano zilikuwa zinajiandika zenyewe hazikuja hata moja, ikabidi nizivute neno kwa neno. Mwishowe nimeandika kwamba aliuza mitamba mitatu ili mdogo wake asome, na kwamba alikuwa anajua kuhesabu kimyakimya. Nimesoma mwenyewe. Nilipofika "aliendelea kupatiwa matibabu" nikamwona Wifi Prisca ameinua macho. Hajaniuliza mpaka sasa kwa nini sikuja, ameniwekea chakula na kunitandikia. Ingekuwa heri anitukane.

Jioni, kamati ya mazishi ikifunga hesabu uwanjani, simu yangu ikalia ujumbe. Umepokea shilingi 100,000 kutoka kwa Tadeo. Nilimfuata.

"Hii ni ya nini?"

"Ya wasifu, dada. Kamati imepitisha."

"Tadeo, huyu ni kaka yangu."

"Tunajua. Lakini mpishi ni binamu yake na amelipwa, na mwenye maturubai ni shemeji yake na amelipwa. Kulwa mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, alikuwa hataki mtu afanye kazi ya msiba bure. Kazi ni kazi."

Aliondoka kuita wengine. Nimebaki na simu mkononi. Alisema yeye si mteja wangu, na leo wamemfanya mteja.

28 Juni, Jumapili

Nimerudi Kihesa mchana. Hata begi sijalishusha, Evarista amenipa pole juu ya uzio, halafu akaja hadi mlangoni. Kaka zake wameitwa. Baba hamezi tena.

"Dada, samahani, najua una msiba wako. Ila wewe ndiye unayejua kuongea naye. Kazi yako ni laki, si ndiyo? Nikutumie kabisa?"

"Subiri," nimesema. "Usitume. Usitume kitu."

Amenishangaa. Nimefunga mlango.

29 Juni, Jumatatu

Sijaenda kazini. Nimekaa mbele ya rafu tangu saa mbili, na bahasha ya thelathini mapajani.

Naijua hesabu yake, ni fupi. Nikimrudishia Tadeo hela yake, Kulwa anabaki kaka yangu, nimemwandika kwa mapenzi, na yuko nje ya jambo hili kama alivyotaka. Bahasha inabaki tupu, kesho ndiyo mwisho wa robo, na ukuta wa pili yuko mzee anayevuta pumzi. Nikiipokea, robo imefungwa leo. Na kaka yangu ni mapato.

Wiki mbili nimempelekea uji mzee yule ili atangulie yeye. Hakutangulia. Alinisimulia habari za utingo. Na yule niliyekuwa namlinda kwa njia hii amekufa akiniulizia. Sijui kama namba inasikia, sijui kama kuna kitu chochote upande wa pili wa ile fomu. Pengine Kulwa aliugua figo tu kama watu wanavyougua figo. Lakini nikiwa na njia ya kumfungia mzee huyu mlango wa kifo na nisiufunge, nitajua mimi.

Saa nane nimechukua kalamu. Nimenakili ujumbe wa Tadeo kwenye karatasi, nikaitia ndani pamoja na nakala moja ya wasifu. Juu, chini ya namba, nimeandika Kulwa Masumbuko. Nikasema nisamehe, kaka. Nilikuwa peke yangu lakini nimelisema kwa sauti, kama nilivyolisema lile la Januari.

Kisha nimelia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nilipomaliza, nyumba ilikuwa kimya. Nimeweka sikio ukutani na sikusikia pumzi. Nimekaa hivyo muda mrefu, mpaka Evarista akaita kuku wake uani kwa sauti ya kawaida.

30 Juni, Jumanne

Timotheo amevaa sweta leo. Amenipa pole, aliona kitambaa cheusi. Amepitia orodha yangu kwa kidole, moja hadi thelathini. Kwenye thelathini kidole kilisimama kwenye jina la Masumbuko, akalitazama jina langu juu ya fomu, akaendelea.

"Umekadiria vizuri sana, dada. Wengi wanapishana mbali mno. Wewe umepatia kabisa, robo zote mbili."

Nimelipa.

"Robo zijazo tuziache hivyohivyo?"

"Nataka kupunguza."

"Inawezekana. Tuweke ngapi?"

Nimeshika kalamu. Nyuma yangu walikuwepo watu kama kumi, wamejifunika makoti, wanakohoa vikohozi vya baridi. Nilijaribu namba ishirini, nikamwona Wifi Prisca. Nilijaribu kumi, nikamwona Mujtaba. Nilijaribu mbili, ikawa mbaya zaidi, maana mbili unaweza kuwataja majina.

"Andika yoyote tu," Timotheo akasema kwa upole. "Ni makadirio."

Nimeandika sifuri. Akasema sifuri ni sawa na kufunga biashara, niandike barua. Nimeiandika palepale kwenye benchi, mistari minne, na sababu nimeweka ugonjwa katika familia. Amegonga mhuri. Nilitoka nikiwa nimebakiwa na mshahara wangu tu, ule unaokatwa bila kuulizwa.

Nilipofika nyumbani Mzee Liberatus alikuwa nje, amekalishwa kwenye jua na mablanketi mawili, kikombe kitupu miguuni. Evarista anasema tangu jana saa nane ameanza kumeza, kaka zake wanaona haya kwa kuitwa bure. Nimesimama nikamtazama. Mashavu yana rangi.

"Kamwene, binti. Pole na kaka yako."

"Kamwene, mzee. Nimeshapoa."

"Evarista ananiambia ulimkatalia hela ya kuandika. Umefunga?"

"Nimefunga leo."

"Sasa mimi nani ataniandika?"

Lilinitoka kabla sijalifikiria. "Nitakuandika bure, mzee."

Niliona nilichosema. Bure haina bahasha, haiingii kwenye robo yoyote, haina wa kuikadiria wala namba ya kuishia. Yeye hakuona kitu, amefurahi. Alicheka, na kicheko kikashuka kifuani kikageuka kikohozi, Evarista akaacha kufagia. Nimesimama pale kwenye uzio nikisubiri kikohozi kiishe.